Kiuno Kisichokula Ugali

Kwa wiki tatu Edah alikuwa ameishi kwa supu nyepesi, nusu balungi asubuhi na chai ya rangi, na Jumamosi ile, ndani ya basi la kwenda Hodge Hill, Birmingham, tumbo lake lilinguruma hata mama mmoja wa Kizungu aliyekaa mbele akageuka kutazama kama kuna mtu kapanda na mbwa. Hapakuwa na mbwa. Palikuwa na nesi wa miaka ishirini na sita, mtoto wa watu wa Maseno, mkoba magotini, na ndani ya mkoba bahasha, na ndani ya bahasha picha ya watu wawili waliokwisha kufa.

Tumbo likanguruma tena. Edah akakohoa kulifunika, akatazama dirishani kama mtu aliyesingiziwa.

Picha ilipigwa Kisumu mwaka wa 1914, siku ya harusi. Upande wa kushoto yupo babu yake, Mwalimu Shem, kola ngumu imemshika shingo kama polisi, kizibao cha vifungo sita, mnyororo wa saa ambao mwisho wake haukuwa na saa. Chini ya utanashati wote huo, miguu mitupu. Siku hizo mtu wa misheni alianza kuvaa kutoka juu, akashuka kadiri mfuko ulivyoruhusu; wengi walizeeka kabla hawajafika kwenye viatu. Upande wa kulia ni nyanya yake, Peninah. Gauni jeupe la kufagia sakafu, kola ya lesi imepanda hadi chini ya masikio, mikono imevimba begani kama imepulizwa, kisha ikabana kuanzia kiwiko hadi kifundo kwa msururu wa vifungo vidogo. Huko Ulaya mikono ya namna hiyo ilikuwa imeshapitwa na wakati. Lakini fasheni nayo ilisafiri kama watu wengine: ilipanda meli, ikashuka Mombasa, ikangoja treni, na ilipofika Kisumu haikuulizwa umri.

Na katikati ya gauni hilo, kiuno. Chembamba mno, kiuno cha nyigu. Pembeni yake palikuwa na nguzo nyeupe ya kuchorwa kwenye pazia la mpiga picha, nayo usawa wa kiuno ilikuwa na doa jeusi, pengo, kama muwa uliotafunwa. Watoto wa ukoo waliiita "nguzo iliyoumwa," wakaamini mchoraji alikuwa mlevi. Lakini hakuna aliyeitazama sana nguzo. Wote walitazama kiuno. Shangazi aliwahi kukipima kwa uzi akilinganisha na kiganja cha babu, akatangaza inchi ishirini na mbili, na tangu siku hiyo kila msichana wa ukoo alipofika miaka kumi na mitano alisimamishwa kando ya picha na kuambiwa, "Wewe umetoka upande gani?"

Nyanya mwenyewe, wakisifu kiuno hicho, alifunika mdomo kwa kiganja akacheka. "Kiuno hicho," alikuwa akisema, "hakijawahi kula ugali." Wakamwona mnyenyekevu, na ukweli ni kwamba walipomfahamu yeye alikuwa mama mnene wa Maseno anayejaza mlango.

Alikufa mwaka uliopita. Barua ya msiba ilimfikia Edah siku arobaini baada ya mazishi, akiwa wodini anamlisha mzee mmoja uji. Akaisoma kwenye chumba cha mashuka, akaikunja mara nne, akarudi akamalizia kulisha, maana uji ukipoa mzee huyo alikuwa akitema. Hakulia siku ile. Hakulia wiki ile. Ila tangu hapo kiganja chake cha kulia kilimwasha ovyo, na yeye akajua ni kwa nini: hakikutupa udongo kaburini.

Basi Otieno alipomposa, na tarehe ikapangwa, Edah akasema gauni ni moja tu. Kama hakuwahi kumzika nyanya, atamvaa. Gauni lenyewe halikuwapo tena. Mwaka mmoja wa njaa lilikatwa likawa nguo za ubatizo za watoto saba. Lakini shangazi aliandika: *Lile gauni lilishonwa na Mhindi wa Kisumu, fundi Vallabh. Mwanawe Jagdish yuko huko huko Birmingham, mwulize tu.* Kana kwamba Birmingham ni soko la Jumanne na watu wake wote wanajulikana kwa jina. Edah alicheka sana barua hiyo. Kisha akauliza kwenye duka la kwanza la viungo, la pili, na kwenye la tatu mwenye duka, Rajni, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mizani, "Jagdish wa Kisumu? Hodge Hill. Mkewe hununua unga kwangu."

Kabla ya hapo alijaribu njia ya mkato. Mwaka huo, 1973, wasichana wa Kiingereza walikuwa wamerudia nguo za bibi zao, na duka moja kule Northfield lilitundika dirishani gauni la kola ndefu na lesi, la nailoni. Edah akalijaribu. Vifungo vya kiunoni vilikataa kabisa kuonana, na alipoinua mkono wa kulia kusalimu amri, mshono wa mkono ule ukaachia. Alilipa, akaondoka na gauni lililochanika chini ya kwapa, na siku hiyo ndiyo alianza supu.

Aliyefungua mlango Hodge Hill alikuwa mama mfupi aliyevaa sari na, juu yake, sweta mbili.

"Shikamoo mama," Edah akasema. "Natafuta fundi Jagdish, wa Kisumu."

Mama yule akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni. Kisha akageuza shingo akapaza sauti ndani ya nyumba, "Jagdish! Iko mtu ya nyumbani!" Na bila kungoja, akamshika Edah mkono akamvuta ndani. Huyo ndiye Champa.

Jagdish alikuwa na umri wa miaka sitini, miwani juu ya kipaji. Siku za kazi alishona viti vya magari katika kiwanda kimoja Nechells: viti vya mbele asubuhi, vya nyuma mchana. Alipoiona picha, miwani ikashuka puani yenyewe.

"Kola hii," akasema polepole, kwa Kiswahili cha Kisumu. "Tazama hizi fito ndogo za kuisimamisha. Ni manyoya ya kuku, ule mti wake wa katikati. Wengine walitia waya. Baba alisema waya inachoma bibi harusi, anakunja uso mbele ya padri, watu wanafikiri amelazimishwa." Akaigusa picha kwa ukucha. "Hii ni kazi ya baba yangu."

"Naweza kupata kama hilo? Harusi ni baada ya wiki saba."

"Kama hilo, kwa nini usipate?" Akairudisha picha mezani, uso chini. "Lakini mimi sikati nguo kwa picha. Picha ni mwongo. Lazima nipate karatasi."

"Karatasi gani?"

Champa, aliyekuwa akiweka chai na chapati, alijibu kabla ya mumewe. "Sanduku iko juu, chini ya kitanda. Sisi naacha Kisumu sufuria, naacha kitanda, naacha cherehani tatu. Yeye nabeba karatasi. Mimi nalia uwanja ya ndege, nauliza, hii karatasi tutakula?"

Jagdish akaeleza, aibu kidogo. Baba yake alimkatia kila mteja karatasi zake: kifua, mgongo, mkono, sketi, akaziandika jina, akazikunja, akaziweka. Mteja akizaa, akinenepa, akizeeka, karatasi inaongezwa kipande. Kisumu nzima ilikuwemo. Makarani, mapadri, mke wa mkuu wa stesheni, watu walioendelea kuagiza suti kwa barua kutoka Kampala, *tumia karatasi yangu*. Sanduku lilifika Birmingham mwaka sitini na nane, na tangu hapo halijafunguliwa.

"Kwa nini?" Edah akauliza.

Jagdish akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nikifungua, halafu? Niwaambie wangoje?"

Hapo tumbo la Edah likaamua kuchangia mazungumzo. Champa akasogeza sahani ya chapati.

"Asante mama, nimeshiba."

"Tumbo yako nasema ingine."

"Ni kwa ajili ya gauni, mama. Kiuno." Akaonyesha picha.

Champa akakitazama kiuno kile muda mrefu, akamtazama Edah, akaguna. "Wewe nakonda kama sindano, lakini sindano haina matako hii." Na chapati zile zikarudi jikoni zimenuna, kama zenyewe ndizo zilizokataliwa.

"Njoo Jumamosi ijayo," Jagdish akasema mlangoni. Kisha, kana kwamba limemtoka bila kutaka: "Ukipita Maseno siku hizi, ile miti ya kando ya barabara ya misheni bado iko?"

Edah hakuwa amekwenda nyumbani miaka minne. "Bado iko," akasema, maana ndani ya kichwa chake ilikuwako.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Otieno alimpeleka dukani kumwonyesha suti aliyoichagua, ya zambarau, suruali pana chini kama kengele ya kanisa, kola ya shati kama masikio ya tembo.

"Wewe utavaa za nyanyako, mimi nitavaa za leo," akasema. "Wageni watadhani nimekutoa makumbusho."

"Angalau babu alikuwa na kisingizio cha miguu mitupu. Wewe na hivyo viatu vya soli ya ghorofa utasingizia nini?"

Otieno akacheka. Kisha akamshika mkono akaacha kucheka. "Edah, unakula? Vidole vyako vimebaki mifupa."

"Nitakula baada ya harusi."

"Nilidhani watu hula kwenye harusi."

Akamwambia asiingilie mambo ya ukoo. Usiku huo kitandani alibana kiuno kwa mikono miwili, akajaribu kuzikutanisha ncha za vidole. Ilibaki nafasi ya kupitisha ng'ombe. Alikuwa amekwishajipa imani kwamba siku vidole vitakapokutana, atakuwa amefika mahali fulani, na mahali hapo kuna mtu anamngoja mlangoni amejaza mlango.

Jumamosi, mlango wa Hodge Hill ulikuwa wazi kabla hajabisha. Sebule yote ilikuwa karatasi. Ziliegemea viti, zilining'inia kwenye reli ya pazia, zilitandikwa juu ya televisheni, karatasi za kaki na magazeti ya kale, mabega na viuno vya watu, na harufu ya kafuri. Jagdish alikuwa amepiga magoti katikati yao, macho mekundu, lakini ndevu zimenyolewa na shati limepigwa pasi kama mtu anayefungua duka.

"Nimekaa na watu hawa siku sita," akasema. "Champa amechoka, kila dakika namwita, tazama, huyu ni yule karani mwenye bega moja. Kaa, binti. Nyanya yako huyu hapa."

Juu ya meza palilazwa karatasi ya kaki iliyopauka kwenye mikunjo. Edah akasogea. Kifua. Mgongo. Sketi ya vipande saba. Mikono miwili. Akanyoosha kidole, akafuata mstari wa bega polepole. Ilikuwa kama kumkuta mtu amelala.

Jagdish akasoma mwandiko wa baba yake wa Kigujarati pembeni, akiutafsiri neno kwa neno. "'Bibi harusi wa Mwalimu Shem. Amepimwa na mke wangu.' Mama yangu huyo. Baba hakupima wanawake, aligeuka ukutani akaandika anachotajiwa. 'Urefu, inchi hamsini na sita toka bega. Kifua, thelathini na nane. Kiuno, thelathini na tatu.'"

"Ngapi?"

"Tatu. Thelathini na tatu."

"Umekosea karatasi, mzee."

"Mimi naweza kukosea. Baba hakukosea."

"Shangazi alipima kwa uzi. Ishirini na mbili."

"Shangazi alipima picha." Jagdish akaendelea kusoma, na sauti yake ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "'Bibi wa misheni ameleta koseti ya kubana kiuno, ile ya vijiti na kamba. Bibi harusi ameikataa. Anasema siku hiyo kuna nyama.'"

Edah akakaa. Hakukuwa na kiti pale, palikuwa na mapaja ya suruali ya mkuu wa stesheni, lakini alikaa.

Jagdish akaomba picha, akaiweka kando ya karatasi. "Unaona nguzo hii?"

"Iliyoumwa."

"Aliyeiuma ni Ajit, mpiga picha. Duka lake lilipakana na letu. Alikuwa na kisu kidogo kama cha daktari. Siku hizo picha ilishikwa kwanza kwenye kioo, ndipo ikahamishiwa karatasi. Anakwangua kioo pembeni ya bibi harusi, pole pole, na pale alipokwangua panatoka peusi. Kiuno kinapungua. Hakuombwa, hakulipwa, aliwafanyia wote kama zawadi. Lakini kisu hakijui kuchagua. Kilipopita kwa nyanya yako kikala na nguzo. Baba aligombana naye miaka ishirini. Alimwambia, mimi nashona mwili, wewe unautupa."

Edah akaitazama picha aliyoitazama maisha yake yote. Doa jeusi lilianzia kwenye nguzo na kuishia kwenye gauni, mstari mmoja. Lilikuwa pale siku zote, wazi kama pua.

Kwanza alikasirika. Alifikiria mabalungi. Alifikiria wasichana wa ukoo waliosimamishwa kando ya picha wakibana pumzi, na yeye mmoja wao. Kisha akasikia sauti ile, na kiganja kinafunika mdomo: hakijawahi kula ugali. Nyanya alikuwa amewaambia. Kila mara waliposifu, aliwaambia, nao wakamwona mnyenyekevu. Miaka hamsini na minane ametembea na utani wake peke yake, akingoja mtu mmoja wa kucheka naye, na sasa aliyepata kuuelewa alikuwa kaketi Hodge Hill juu ya suruali ya mtu, amechelewa kwa mwaka mmoja.

Hapo ndipo alipolia. Kilio cha msiba kabisa, cha nyumbani, cha sauti. Champa akatoka jikoni mbio, unga mikononi, akaona, akamkumbatia bila kuuliza, na mgongo wa Edah wote ukawa unga.

"Kuna kitu kingine," Jagdish alisema baadaye, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuzidisha dozi. Akaweka ile mikono miwili ya karatasi, mmoja juu ya mwingine. Wa kulia ulizidi wa kushoto kwa upana. "Inchi moja. Baba ameandika, 'mkono wa jembe.'"

Edah akafuta macho, akautazama mkono wake wa kulia. Miaka minne ya kugeuza wagonjwa vitandani. Akakumbuka mshono wa Northfield.

"Nipimeni," akasema.

Jagdish akageuka, akatazama ukuta, penseli mkononi. Champa akapitisha tepu, akataja namba kwa sauti. Bega, sawasawa na karatasi. Mkono wa kulia, umezidi wa kushoto, robo tatu ya inchi. Walipofika kiunoni Champa akavuta tepu, akasoma, akatoa sauti ya dharau.

"Thelathini."

Penseli ikasita. "Kabla ya supu ulikuwa ngapi?" Jagdish aliuliza ukuta.

"Kama thelathini na tatu hivi."

"Sasa sikiliza, binti. Nitakata kwa karatasi. Sipunguzi hata uzi. Harusi ni wiki sita. Gauni litakuwa tayari linakungoja. Kukutana nalo ni kazi yako."

Champa alikuwa ameshakwenda jikoni. Akarudi na chapati tano na mchuzi wa dengu, akaziweka mbele ya Edah juu ya kifua cha karani wa bandari, akasimama na mikono kiunoni mwake, kiuno ambacho hakuna kisu kilichowahi kukigusa. Edah akala ya kwanza bila kutafuna vizuri. Ya pili akaionja. Kwenye ya tatu Jagdish akaanza kunoa mkasi.

Alikwenda kila Jumamosi. Alikula alichopewa, na Jagdish akakata, akashona, akauliza habari za Maseno ambazo Edah nusu alizikumbuka na nusu alizitunga, na wote wawili walijua ipi ni ipi na hawakusema. Manyoya ya kuku ya kusimamisha kola Champa aliyapata kwa mchinjaji.

Wiki moja kabla ya harusi Champa alimfunga vifungo vyote thelathini na viwili, kutoka mgongoni hadi vifundo vya mikono. Kiunoni vilikutana kama watu wanaojuana. Edah alipoinua mkono wa kulia, mshono ulitulia. Akasogea mbele ya kioo cha kabati, maana kwa mwezi mzima alikuwa amejiambia kwamba hapo atamwona nyanya.

Hakumwona. Alimwona Edah, nesi, ndani ya gauni zuri. Kola ikamsimamisha shingo, na kitambaa kikamkaa mwilini pote bila kumbana, karibu kama anavyokaa mtu aliyekushika kwa nyuma. Akasimama hivyo muda, asitake kugeuka ajue hakuna mtu.

"Mzee," akasema hatimaye, "naomba ile karatasi. Niwe nayo."

Jagdish alikuwa akiikunja. Akatikisa kichwa. "Karatasi ya mteja haitoki dukani."

"Duka gani, mzee?"

Fundi akatazama sebule yake, televisheni, dirisha, barabara ya nyumba pacha pacha na mvua yake. Akachukua penseli. Chini ya mwandiko wa baba yake, kwa herufi zilezile za kupinda, akaandika, akisema kwa sauti anachoandika. "'Edah, mjukuu. Birmingham. Vipimo ni vilevile.'"

"Na nikinenepa?"

"Tunaongeza kipande."

"Naye atanenepa," Champa akasema, akimfungua kifungo cha kwanza. "Vua, chakula napoa. Hii gauni haiwezi kula dengu."

Edah akacheka, na mkono wa kulia, uliokuwa umeanza kuwasha, ukapanda wenyewe ukafunika mdomo.